Punje tatu kwenye karai la mgeni: je, shamba langu lina dhahabu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina shamba la ekari sita huku Mbogwe, nimeachiwa na marehemu baba. Upande wa juu ni kilima kidogo, chini ni mbuga ya mpunga. Kijiji cha jirani wameanza kuchimba dhahabu. Juzi alikuja bwana mmoja, akachota udongo karibu na mfereji, akauosha kwenye karai lake na kutuonyesha punje tatu za dhahabu. Anataka nimuuzie shamba lote, au nimlipe laki tatu anipimie vizuri. Naweza kupima mwenyewe? Na nikipata punje, nitajuaje kama inalipa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Ndiyo, unaweza kupima mwenyewe, na gharama yake kubwa ni jasho. Hizo punje tatu usizishangilie, wala usizidharau. Hata kama ni za kweli, karai moja lililooshwa mahali pamoja halipimi shamba. Shamba linapimwa kwa makarai mengi yaliyojazwa kwa kipimo kimoja, kutoka sehemu ulizoziandika, yakiwemo yale yasiyotoa kitu. Na karai kazi yake ni kukuonyesha pa kwenda. Mwamba una dhahabu kiasi gani, hilo karai halijui.

Kabla ya jembe kuna leseni, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu vijana wengi huliruka. Shamba ni lako, lakini madini yaliyo chini yake si yako. Kwa Sheria ya Madini ni mali ya umma chini ya Serikali, na karatasi ya kijiji au hati ya ardhi haikupi ruhusa ya kuyatafuta wala kuyachimba. Chukua simu yenye GPS, simama kwenye kila kona ya shamba, andika namba za eneo, kisha nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi uulize kama kuna leseni ya mtu juu ya eneo hilo. Jibu linaweza kukushangaza. Watu wengi hulima miaka na miaka juu ya leseni ya utafiti ya kampuni bila kujua. Kama eneo liko wazi, omba leseni ya uchimbaji mdogo. Hutolewa kwa Watanzania, hudumu miaka 7, na kwa dhahabu inaweza kufika hekta 10. Ekari zako sita ni kama hekta 2.4 tu. Kama lina leseni ya mwingine, bado hawezi kuingia na kung'oa mahindi yako kama shamba la mjomba wake: sheria inamtaka aelewane nawe na akulipe fidia. Nenda kaulize mapema, maana huyo mgeni naye huenda ameshaiangalia ramani.

Sasa shambani. Usianze kuchimba, anza kutembea.

Huko kwenu mko kwenye miamba ya kale sana inayozunguka kusini mwa Ziwa Victoria, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni miamba hiyohiyo iliyobeba dhahabu ya Geita, ambayo Wajerumani waliigundua mwaka 1898, na ya Bulyanhulu. Dhahabu yake kwa kawaida hukaa kwenye mikanda ya kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, iliyopenya katika nyufa za mwamba wa kijani, au ndani na kando ya ule mwamba wa chuma wenye milia myekundu na myeusi. Kwenye matale makubwa ya kijivu, yale mawe ya duara yanayobebana kama yalipangwa, bahati huwa ndogo zaidi. Kwa hiyo angalia udongo wa kilima chako. Kama ni mwekundu, mzito, unaonata mkononi, mara nyingi umetokana na mwamba wa kijani ulioozea papo hapo. Kama ni luseni, ule mchanga mwepesi wa rangi ya kijivu, chini yake yaelekea kuna matale.

Okota mawe ya kwatzi yaliyotapakaa. Yale meupe safi kama chumvi ya mawe usipoteze muda nayo sana. Tafuta yenye kutu na yenye vitundu vya pembe nne, kana kwamba kuna kete ndogo ziling'olewa ndani yake. Vitundu hivyo ni nyumba za pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, iliyooza ikaondoka, na mara nyingi dhahabu iliyokuwa pamoja nayo hubaki. Ponda mawe hayo kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, uoshe peke yake, usiuchanganye na udongo.

Halafu nenda kwa hao majirani wanaochimba. Salimia wazee wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kaa nao, uliza mkanda wao unaelekea wapi. Simama juu ya mstari wa maduara na dira ya simu, angalia kama ukiendelea moja kwa moja unafika kwako. Mikanda hukatika, hupinda na huhama, lakini mwelekeo huo utakuambia namna ya kupanga mistari yako ya sampuli: ipangwe ili iukate mkanda, isitembee sambamba nao. Ukipanga mistari sambamba na mkanda unaweza kupita pembeni yake shamba zima usiuone.

Ekari sita zikiwa mraba ni kama mita 155 kwa 155. Weka mistari minne, na kwenye kila mstari sehemu moja kila baada ya mita 20. Kwa shamba zima ni sampuli kama 32. Ni kazi ya siku kadhaa kwa watu wawili, na haimuui mtu. Kila sehemu ondoa kwanza udongo wa juu uliolimwa. Huo umechanganywa na majembe, samadi na miguu ya ng'ombe, hauna ushahidi wa maana. Shuka sentimita 40 hadi 60. Mara nyingi kwenye miteremko yetu utakutana na tabaka la vipande vya kwatzi na changarawe chini ya udongo laini. Hilo ndilo unalolitaka. Dhahabu ni nzito, na mvua za miaka mingi zikiondoa udongo mwepesi yenyewe hubaki ikishuka polepole mpaka kwenye changarawe au juu ya mwamba. Ukilikuta tabaka hilo, chukua sampuli kutoka humo kwenye mashimo yote. Usichukue changarawe hapa na udongo wa juu pale halafu ukalinganisha.

Pima kilo 10 kila mara. Hapo kijijini hapakosi mizani ya pamba, iazime. Weka udongo kwenye kiroba safi, andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika nje ya kiroba, na namba hiyohiyo kwenye karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Viroba vya mbolea vilivyotumika sawa, vilivyobeba mbale, yaani mawe yenye dhahabu, usiviguse. Sururu na sepetu visafishwe kati ya shimo na shimo. Daftari liwe na namba, GPS, kina, rangi ya udongo, na mawe uliyoyaona.

Upande wa mbuga ni habari nyingine. Ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi umesafirishwa na maji kutoka pembeni na kujaa bondeni, na unaweza kuwa na kina cha mita kadhaa. Kuuosha kwenye karai hakukuambii lolote kuhusu mwamba wa chini. Hapo angalia vichuguu. Mchwa wa vichuguu vikubwa hushuka mbali kutafuta maji na hupanda na udongo wa chini, na watafiti wa dhahabu barani Afrika wamelitumia hilo kwa miaka mingi. Lakini mchwa hubeba chembe ndogo tu, kwa hiyo karai kwa kawaida halitaonyesha kitu. Sampuli ya kichuguu ni ya maabara. Kwa sasa sehemu za mistari zinazoangukia mbugani ziache, shughulika na kilima.

Kuosha. Karai la fundi wa zege linafaa kabisa, mradi ni jipya au halijawahi kuguswa na zebaki. Karai jipya lina mafuta ya kiwandani, na mafuta hufanya chembe ndogo za dhahabu zielee na kuondoka na maji. Lisugue kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka maji yakimwagwa yasambae juu ya bati bila kujikusanya matone. Likishika kutu kidogo usilalamike, kutu hushika chembe, na rangi yake ya giza huonyesha njano vizuri.

Loweka udongo kwanza. Huo mwekundu wa mfinyanzi hujifunga madonge, na donge linaweza kutoka na dhahabu ndani yake ukaitupa kwa mikono yako. Vunja kwa vidole ndani ya maji, mwaga tope, ongeza maji, vunja tena, mpaka maji yaanze kuwa safi. Toa mawe makubwa lakini yaangalie kabla ya kuyatupa. Kisha shika karai likiwa chini ya maji, litikise kushoto na kulia kwa nguvu ya wastani ili vizito vishuke. Vishuke kwanza, ndipo uinamishe kidogo na kuacha maji yachukue mchanga wa juu. Rudia: tikisa, tulia, inamisha. Wanaoanza huharakia kuinamisha, na hapo ndipo dhahabu inapoondoka. Osha juu ya beseni pana ili kila kinachotoka kibaki, na mara kwa mara uoshe tena marudio yako mwenyewe, yaani hicho kilichotoka. Ukikuta punje kwenye marudio, punguza mwendo.

Mwisho utabaki na kijiko cha mchanga mweusi, ambao mwingi ni madini ya chuma. Weka maji kidogo, zungusha taratibu ukiwa umeinamisha, mchanga mweusi utatangulia na kuvuta mkia. Dhahabu hubaki nyuma ya mkia, pale pale bati linapoanza kuonekana. Tumia kioo cha kukuzia. Sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki itakuondolea mchanga unaovutwa, ila usiibamize: ipitishe juu juu, kwa sababu mchanga ukirukia kwa pamoja hubeba punje katikati yake.

Unajuaje kama mkono wako unashika? Nunua risasi ya kuvulia samaki, ipondeponde iwe bapa, ikate vipande kumi vidogo kama kichwa cha sindano. Vichanganye kwenye kilo 10 za mchanga wa mtoni usio na kitu, osha, hesabu. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu: uzito wake ni mara 11 ya maji, dhahabu ni mara 19. Ukiweza kubakiza tisa au kumi, dhahabu ya ukubwa huo haitakukimbia. Ukibakiza sita, endelea na mazoezi kabla hujagusa sampuli hata moja. Osha mikono kabla ya kula, risasi ni sumu, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

Ving'aavyo vingine visikusumbue. Ulanga, yale magamba membamba ya mawe, humetameta juani na hufifia ukiutia kivulini, tena huelea juu ya mchanga badala ya kukaa chini. Pairaiti ina njano ya shaba, na ukiikandamiza kwa ncha ya sindano huvunjika. Dhahabu haibadiliki kivulini, na sindano huacha alama tu, kama kwenye nta.

Hesabu punje za kila karai na uzigawe: zinazoonekana wazi kwa macho, zinazoonekana kwa shida, na zinazohitaji kioo. Andika pia umbo. Punje yenye pembe na makovu, labda imeng'ang'ania kipande cha kwatzi, haijasafiri mbali. Iliyolainika na kuwa bapa kama ganda la ufuta imesafiri. Pale mfereji alipochota yule bwana, maji ya kilima chote hukusanyika, na pengine ya mashamba ya wenzako huko juu pia. Punje za mferejini zinaweza kuwa zako au za jirani.

Karai lililotoka tupu liandike sifuri, usiliruke. Chora shamba kwenye karatasi yenye miraba, weka idadi ya punje mahali pake. Udongo wa mteremko hutambaa kushuka chini, na punje hutambaa nao zikitawanyika. Kwa hiyo mbali na chanzo utaziona zimesambaa upana mkubwa, chache chache. Ukipanda, upana unapungua na idadi inaongezeka. Halafu ghafla, hatua chache juu zaidi, sifuri. Mahali pa thamani ni hapo, kati ya karai la mwisho lenye punje na karai la kwanza lisilo na kitu. Rudi uongeze sampuli kila baada ya mita 5 katikati yake. Wazee wa zamani wa Lupa, kule Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1922 na watu wakamiminika miaka ya 1930, wengi walijipatia riziki kwenye changarawe za mito na vifusi vya miteremko. Wenye subira walizifuata punje kupanda juu mpaka kwenye mkanda zilikotoka. Njia haijabadilika, kilichoongezeka ni GPS.

Sasa lile la kama inalipa. Tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapouza ng'ombe. Udongo wenye gramu 1 ya dhahabu kwa tani una milligramu 10 katika zile kilo 10 zako. Milligramu 10 ni punje moja ya duara yenye upana wa milimita 1. Au ni punje 60 hivi za robo milimita. Au punje 1,000 za moja ya kumi ya milimita, ambazo nyingi hutaziona bila kioo. Umeona tatizo? Udongo uleule unaweza kukupa karai lenye punje moja nono, na karai la pili kutoka hatua mbili pembeni likatoka tupu, kwa sababu tu ile punje moja haikuingia kwenye ndoo. Dhahabu ikiwa ya punje kubwa, karai moja hudanganya pande zote mbili: hukutajirisha bure au hukukatisha tamaa bure. Ndiyo maana nakuomba makarai mengi.

Zile punje tatu, tukikadiria kila moja ni robo milimita na karai lilikuwa na kilo 5, ni kama gramu 0.1 kwa tani. Kwa jembe na karai hiyo hailipi. Kama kila moja ilikuwa milimita nzima, hesabu inaruka hadi gramu 6 kwa tani, na hapo ndipo ningeuliza maswali mengi zaidi kuhusu vidole vya huyo bwana.

Kwa sababu kupandikiza dhahabu kwenye karai ni mchezo wa zamani. Chembe hukaa chini ya kucha, kwenye jivu la sigara, kwenye mkunjo wa karai, hata kwenye mfuko wa sabuni ya unga anayonyunyizia. Simwiti mwizi, simjui. Mwambie tu arudi, na masharti yawe haya: unachagua mahali wewe, unachimba wewe, karai lako, maji yako, yeye anaosha mikono kwa brashi kabla na havuti sigara. Kisha mpe viroba sita vyenye namba tu. Vitatu vitoke kwenye kilima chako. Vitatu viwe mchanga wa kujengea ulionunuliwa mjini, umeuosha mwenyewe mara mbili ukaona hauna kitu, umechanganywa na udongo mwekundu wa mahali ulikoosha ukakuta sifuri. Siri ya namba ibaki kwako. Akikuta dhahabu kwenye vyote sita, kazi imekwisha, muage kwa heshima. Akikuta kwenye vile vya kilima tu, mpe kiti mkae mzungumze. Na kila sampuli igawe kabla ya kumpa, nusu ibaki nyumbani kwako.

Mistari yako ikionyesha mahali, hatua inayofuata ni mtaro mfupi wa kukata mteremko, upana wa mita 1, mpaka ukute mwamba uliooza, ule laini unaochimbika kwa jembe lakini bado unaonyesha milia na nyufa za mwamba mzima. Usizidi kina cha kifua bila kuweka mbao za kuzuia kingo, udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo zaidi ya mita moja, na masika ikianza mtaro ufungwe. Udongo mwekundu uliolowa huanguka bila kupiga hodi.

Kwenye sakafu ya mtaro chimba mfereji mdogo wa upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mita iwe sampuli yake ya kilo 4 au 5. Ukikuta mkanda wa kwatzi, uchukue peke yake, na kingo zake za kushoto na kulia uzichukue peke yake. Mara nyingine dhahabu imekaa kwenye kingo na kwatzi yenyewe haina kitu. Pima unene wa mkanda kwa futi. Huu unene watu huusahau, na ndio unaoamua. Mkanda wa sentimita 10 wenye gramu 10 kwa tani unasikika mtamu. Lakini mtu hawezi kupita kwenye ufa wa sentimita 10. Duara litakuwa na upana wa sentimita 80, na ukichanganya mbale na kifusi chote unachotoa, umebaki na kama gramu 1.25 kwa tani. Unaweza kuchambua mbale kwa mkono, na wachimbaji hufanya hivyo, lakini kifusi lazima ukitoe na watu ulipe. Halafu karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, na mwalo wa zebaki, pale unga unapooshwa, mara nyingi hushika chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine huondoka na marudio na kumnufaisha mwenye plenti, yaani mtambo wa kuchenjua marudio.

Sampuli za mtaro zipeleke maabara. Karai huona dhahabu iliyo huru tu. Iliyojificha ndani ya pairaiti, hasa ukifika chini kwenye mwamba mgumu ambao haujaoza, haitaonekana hata ungeosha mwezi mzima. GST, taasisi ya Serikali ya jiolojia iliyoko Dodoma, inapima, na maabara binafsi zipo Kanda ya Ziwa. Kausha sampuli juani, ponda, changanya, mwaga iwe kichuguu, ikandamize, igawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na kilo 2. Hiyo peleka. Maabara kwa kawaida huyeyusha gramu 30 au 50 tu za unga, kwa hiyo kama umeona punje kubwa kwenye karai, waambie kabla, ili wachekeche unga na kupima punje kubwa peke yake. Tia ndani ya mzigo sampuli moja mara mbili kwa namba tofauti, na moja ya mchanga wa kujengea. Zile pacha zikirudi mbalimbali sana, au mchanga ukirudi na dhahabu, unajua majibu hayo ya kuaminiwa kiasi gani.

Zebaki usiinunue. Katika kupima haina kazi yoyote, unahesabu punje kwa macho. Wengi wa wanaokuambia huwezi kujua bila kuikamatisha dhahabu kwa zebaki na kuchoma, wamezoea kuchoma kwenye sufuria nyuma ya nyumba wakati watoto wanacheza hapo. Mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi, na huathiri ubongo na figo, na kwa mama mjamzito hufika kwa mtoto.

Kuhusu laki tatu: kwa pesa hiyo unanunua karai jipya, sepetu, kioo cha kukuzia na viroba, unamlipa kijana wa kukusaidia kuchimba mashimo, na unabaki na akiba ya kupeleka maabara sampuli chache za mwanzo. Kuhusu kuuza, usiuze wala usisaini chochote mpaka umetoka kwa Afisa Madini Mkazi na umeosha mistari yote minne. Mgeni akisema bei itashuka wiki ijayo, mwache aende. Mwamba umekaa hapo miaka bilioni 2.5, na yeye akiutaka kweli atarudi.

Mstari wa kwanza uanzie juu kabisa kilimani, mfereji uuache wa mwisho. Ukimaliza niandikie idadi za punje kwa kila namba, na sifuri zako zote, pamoja na mwelekeo wa mkanda wa majirani. Hapo nitakuambia pa kuweka mtaro.